Seva Inapogoma Umeme Ukirudi: Tazama Faili la Namba

Umeme ulikatika Tanga usiku wa manane, ukarudi kabla ya adhana ya alfajiri. Asubuhi kitengo chetu cha TEHAMA kikakuta seva imewaka, mtandao upo, ila huduma moja imegoma. Ukiiamuru ianze, inajibu kwamba tayari inafanya kazi. Uongo mtupu.

Katika mfumo endeshi wa Linux, keneli, yaani kiini cha mfumo, huupa kila mchakato (programu inayoendeshwa) namba yake, PID. Skripti inayowasha huduma huiandika namba hiyo kwenye faili la mstari mmoja, tuseme 812. Wakati wa kuzima, husoma 812 na kumpelekea mwenye namba ishara ya kuondoka. Huduma ikiaga vizuri, faili hufutwa. Umeme hauagi, mchakato umekufa, faili limebaki.

Skripti mbovu huangalia kama faili lipo, basi; likiwepo, husema huduma inafanya kazi. Afadhali ile inayotumia kill -0, amri ambayo licha ya jina lake haiui, inauliza tu kama mwenye namba yupo. Hata hapo pana mtego. Seva ikiwaka upya, namba hugawiwa tena kuanzia 1, na 812 inaweza kuangukia programu nyingine kabisa. Ni kama mdai anayekwenda Ngamiani kugonga chumba cha mdeni wake, kumbe mdeni alishahama na anayefungua mlango ni mpangaji mpya. Skripti isiyotazama sura itamuua asiyehusika. Kwa hiyo isome kwanza /proc/812/exe, ijue hiyo ni programu gani. Kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, amri ya start-stop-daemon ikipewa --pidfile pamoja na --exec hukagua yenyewe.

Faili likae /run, saraka iliyo kwenye RAM, inayofutika seva ikizima. Letu, nakiri, lilikuwa /opt, saraka isiyofutika. Tena lisiwe mali ya akaunti inayoendesha huduma: akaunti hiyo ikivamiwa, mvamizi ataandika namba aitakayo, na root, akaunti ya msimamizi mkuu, ndiye atakayemuulia.

systemd, programu ya kuwasha na kusimamia huduma iliyotoka mwaka 2010, hufuatilia michakato kwa cgroups, yaani makundi ya michakato yanayotunzwa na keneli, hivyo huduma nyingi hazihitaji tena faili hili. Zinazojitenga zenyewe na kwenda nyuma ndizo huandikiwa Type=forking na PIDFile kwenye mipangilio yake.

Sisi tulilifuta kwa rm, huduma ikawaka. Ila tulianza na ps, amri inayoorodhesha michakato, kuhakikisha mchakato haupo kweli. Ukifuta faili la huduma iliyo hai kisha ukaiwasha tena, unaweza kupata nakala mbili zinazogombea data ileile.