Kipimo cha HPV, Chanjo na Uchunguzi wa Mlango wa Kizazi: Majibu kwa Maswali ya Wanawake

Miongoni mwa maswali ambayo wanawake wa Mombasa hutuletea kliniki, liko moja linaloulizwa kwa hofu kuliko yote, na mara nyingi huulizwa mlangoni, mwanamke akiwa tayari ameishika karatasi yake ya majibu: "Imeandikwa nina HPV. Je, ndiyo saratani ya mlango wa kizazi hiyo?" Jibu ni hapana, na ni jibu ambalo kila mwanamke anafaa kulijua kabla ya kupimwa, kwa sababu wengi wanaolisikia baada ya majibu huwa wameshapigwa na bumbuazi kiasi kwamba hawarudi tena kwa hatua inayofuata, na hatua hiyo ndiyo inayookoa maisha.

HPV ni kundi la virusi vya aina zaidi ya 200, na huenea kwa mgusano wa ngozi, hasa wakati wa kujamiiana. Karibu kila mtu aliyewahi kushiriki ngono, mwanamume au mwanamke, huvipata wakati fulani maishani bila kujua, kwa maana havileti homa, muwasho wala maumivu. Katika watu 10 walioambukizwa, takriban 9 huviondoa kwa kinga ya mwili wenyewe ndani ya miaka miwili. Shida huwapata wachache ambao virusi hivyo vimekaa ndani yao kwa muda mrefu, na ambao aina waliyoipata ni miongoni mwa zile 14 hivi zenye hatari. Aina mbili, yaani ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Aina ya 6 na ya 11 huleta vigwaru, yaani chunjua, vya sehemu za siri, ambavyo vinasumbua na kutia aibu lakini havigeuki saratani hii.

Kutoka siku virusi vinapoingia hadi saratani kujitokeza, kwa mwanamke mwenye kinga imara, hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Katika kipindi hicho chote seli za mlango wa kizazi hubadilika kidogo kidogo, na mabadiliko hayo yanaonekana na yanatibika kabla hayajawa ugonjwa. Ndiyo maana inauma kuona kwamba, kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2020, wanawake 5,236 nchini Kenya waligunduliwa na saratani hii katika mwaka mmoja na wengine 3,211 wakafariki kwa sababu yake. Ni saratani iliyotupa nafasi ya miaka mingi ya kuizuia, na bado inatuondolea mama zetu na dada zetu.

Swali la pili huja kwa sauti ya chini, baada ya mhudumu mwingine kutoka chumbani: "Basi mume wangu ametoka nje ya ndoa?" Kipimo cha HPV hakiwezi kulijibu swali hilo, na hakifai kutumiwa kulijibu. Virusi hivi vinaweza kulala mwilini miaka mingi bila kuonekana, kisha vikaonekana katika kipimo wakati kinga imelegea au umri umesogea. Huenda vilitoka katika ndoa yako ya kwanza, au ndoa yake ya kwanza, au vilikuwepo kabla hamjajuana. Katika nyumba yenye wake wenza, hakuna kipimo kitakachoonyesha vilianzia kwa nani, na kumbebesha lawama bi mdogo au bi mkubwa ni kumdhulumu. Hakuna kipimo cha kawaida cha kuwapima wanaume HPV, wala hakuna dawa ya kuua virusi hivyo ambayo mume angepewa, kwa hiyo hakuna haja ya kumburuta hospitali kwa ajili hiyo. Kondomu hupunguza uwezekano wa kuambukizana lakini haiuondoi, kwa kuwa haifuniki ngozi yote inayogusana. Ushauri wangu, pale penye maelewano nyumbani, ni mume aje pamoja nawe siku ya majibu, ili maelezo ayasikie kutoka kwa mhudumu mwenyewe badala ya kuyapata nusunusu kupitia karatasi.

Kutokana na hayo wanajibiwa pia wajane na waliotalikiwa, ambao hutuambia, "Mimi nimekaa peke yangu miaka kumi, nipimwe nini?" Maambukizi ya zamani hayafutwi na kuachika wala kufiwa. Kwa kweli, mwanamke aliyemaliza kuzaa na ambaye hana tena sababu ya kuhudhuria kliniki ya uzazi ndiye anayesahaulika kwa urahisi zaidi. Ambaye hajawahi kabisa kujamiiana, kwa kawaida hahitaji kipimo hiki.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwanamke aanze kuchunguzwa akiwa na umri wa miaka 30, na akitumia kipimo cha HPV kikaonyesha hana virusi, arudie kila baada ya miaka 5 hadi 10. Mwanamke anayeishi na VVU aanze mapema zaidi, akiwa na miaka 25, na arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Tofauti hiyo ina sababu nzito: wanawake wenye VVU wako katika hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii, na kinga ikiwa imedhoofika bila matibabu, safari ya miaka 15 inaweza kufupika ikawa miaka 5 hadi 10. Kwa hivyo, dada unayechukua dawa zako za VVU kila mwezi, mwulize muuguzi wako siku hiyohiyo kuhusu uchunguzi wa mlango wa kizazi, usingoje mpaka akukumbushe.

Wengi huogopa kipimo chenyewe kuliko ugonjwa. Wengine huona haya kufunuliwa mbele ya mgeni, hasa akiwa mwanamume, na haya hiyo ni ya kuheshimiwa. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, ya kufungiwa pazia na ya kuelezwa kila kinachofanywa kabla hakijafanywa. Lakini yapo mambo mawili ambayo wengi hawajayasikia. La kwanza ni kwamba sampuli ya kipimo cha HPV mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe. Hupewa kijiti chenye brashi laini au pamba, akaenda nyuma ya pazia au msalani, akakiingiza taratibu ukeni mpaka akutane na ukinzani, akakizungusha mara kadhaa kama alivyoelekezwa, kisha akakitia katika kichupa chake na kukikabidhi. Hakuna anayemtazama. Sampuli aliyojichukulia kwa kufuata maelekezo inategemewa, na Shirika la Afya Duniani limeikubali njia hii. Ikiwa majibu yataonyesha virusi, hapo ndipo atahitaji kutazamwa na mhudumu.

Jambo la pili ni siki. Katika vituo visivyo na mashine ya kupima HPV, mhudumu hutumia kifaa kiitwacho spekulamu kufungua njia ili mlango wa kizazi uonekane, kisha huupaka siki nyepesi yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5 na kusubiri kama dakika moja. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe, na nyingine hubaki na rangi yake ya waridi. Mwanamke huhisi ubaridi na pengine mchonyoto mdogo, na majibu huyapata kabla hajavaa buibui lake kurudi nyumbani. Njia hii haiwafai sana waliokoma hedhi, kwa sababu umri unaposogea, eneo linalotakiwa kutazamwa hurudi ndani na halionekani. Wao hufaa zaidi kupimwa HPV au kufanyiwa kipimo cha Pap, ambacho huchukua seli na kuzipeleka maabara kutazamwa kwa darubini. Kwa kipimo chochote, chagua siku ambayo huna hedhi, na kwa siku mbili kabla yake usijisafishe kwa ndani, usitie dawa wala manukato yoyote ukeni na ujiepushe na kujamiiana.

Ikiwa kipimo cha HPV kimeonyesha virusi, mlango wa kizazi hutazamwa. Penye seli zilizobadilika, na ambapo hakuna dalili ya saratani, mara nyingi tiba inaweza kufanyika palepale au kwa miadi ya karibu: ncha ya kifaa kidogo kinachopashwa moto hadi nyuzi 100 huwekwa juu ya sehemu hiyo kwa muda usiofika dakika moja, au hugandishwa kwa gesi baridi. Hupasuliwi na hulazwi, na mji wa mimba hautolewi. Katika wiki zinazofuata hutoka majimaji mengi, jambo ambalo huwatia wengi wasiwasi bure. Mhudumu atakueleza muda wa kujiepusha na tendo la ndoa, kwa kawaida takriban mwezi mmoja, na tarehe ya kurudi kuangaliwa. Mjamzito husubiri mpaka ajifungue. Penye mabadiliko makubwa zaidi, kipande kidogo hukatwa kwa waya wa umeme, chini ya dawa ya ganzi. Mwanamke aliyetibiwa kwa njia ya joto au baridi anaweza kupata mimba na kuzaa, na hili ninalisema wazi kwa sababu liko jingi linalosemwa kinyume chake huko mitaani.

Uvumi huohuo wa utasa ndio uliolizunguka suala la chanjo. Mombasa ina nafasi yake katika historia hiyo, kwani ni katika mji huu chanjo ya HPV ilipozinduliwa kitaifa mnamo Oktoba 2019, ikilenga wasichana wa miaka 10, na tangu hapo imekuwa ikitolewa bila malipo katika vituo vya umma. Wazazi wengi waliuliza, na wangali wanauliza, kama nia yake si kuwafanya mabinti wasizae. Chanjo hii haina virusi vilivyo hai wala vilivyokufa. Ina maganda ya protini yanayofanana na ganda la virusi, yasiyo na vinasaba ndani yake, ambayo huufundisha mwili kutambua adui. Hayagusi mayai ya uzazi wala homoni. Kufikia mwaka 2017, dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimeshasambazwa duniani, na kamati ya Shirika la Afya Duniani inayosimamia usalama wa chanjo haikupata uhusiano wowote kati yake na utasa. Madhara ya kawaida ni maumivu ya mkono, homa ndogo au kuumwa kichwa, na wasichana wengine huzimia kwa woga wa sindano, ndiyo maana huambiwa wakae kwa dakika 15 kabla ya kuondoka.

Mama mwingine ataniambia mwanawe bado ni mdogo na amelelewa katika maadili, kwa nini achanjwe ugonjwa wa zinaa? Ni kwa sababu chanjo hii huzuia tu, haitibu. Hufanya kazi vizuri zaidi kabla virusi havijafika, kama paa la makuti linaloezekwa kabla ya masika. Binti aliyehifadhika hadi ndoa yake anaweza kuvipata kwa mume aliyemwoa kwa halali. Tena mwili wa mtoto wa miaka 10 huitikia chanjo kwa nguvu kuliko wa mtu mzima. Scotland, ambayo ilianza kuchanja mwaka 2008, iliripoti mwaka 2024 kwamba haikupata hata mgonjwa mmoja wa saratani hii miongoni mwa wanawake waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13. Mzazi anayesita, ninamwomba aupime ukweli huo.

Hapo mwanzo zilihitajika dozi mbili, na wasichana wengi walikosa ya pili. Kisha utafiti uliofanywa hapa Kenya, katika miji ya Kisumu, Nairobi na Thika, ukiwahusisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulionyesha kuwa dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na ya 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya dozi moja Desemba 2022, na mwaka 2025 Kenya nayo ikahamia huko. Msichana mwenye VVU huhitaji zaidi ya dozi moja.

Na mtu mzima, je? Mwanamke ambaye ameshaolewa anaweza kuchanjwa kwa ushauri wa daktari, lakini manufaa yake huwa madogo kwa kuwa huenda ameshakutana na virusi. Kwake uchunguzi ndio ngao kubwa. Mjamzito husubiri ajifungue, anayenyonyesha hana kizuizi. Na aliyechanjwa utotoni bado anafaa kuchunguzwa akifikia umri, kwa sababu chanjo haikingi aina zote zenye hatari.

Haya yote yanamhusu mwanamke asiye na dalili. Ukitokwa na damu baada ya kujamiiana, au katikati ya mwezi, au baada ya kukoma hedhi, hata ikiwa ni doa moja tu, au ukitokwa na uchafu wenye harufu usiokoma kwa dawa, au ukiwa na maumivu ya nyonga yasiyoisha, usingoje siku ya uchunguzi wa kawaida na usianze kwa kujifukiza. Nenda katika hospitali iliyo karibu nawe, iwe ni Likoni, Port Reitz, Tudor au Hospitali ya Rufaa ya Pwani pale Makadara, umweleze mhudumu dalili hiyo waziwazi na uombe mlango wa kizazi utazamwe kwa macho siku hiyohiyo. Nawe uliye na karatasi ya majibu uliyoifungia kabatini tangu mwaka jana, ilete kama ilivyo. Hutaulizwa ulikuwa wapi.