Mauzo ya nje kuongezeka si sehemu ya biashara kukua

"Mauzo yetu ya nje yameongezeka, kwa hiyo sehemu yetu katika biashara ya dunia imekua." Sentensi hii husikika redioni kila bajeti inapokaribia, na kila mara hilo "kwa hiyo" hunikera.

Sehemu ni asilimia tu. Chukua thamani ya bidhaa ambazo nchi imeuza nje kwa mwaka, igawe kwa thamani ya bidhaa zote zilizouzwa nje na nchi zote. Bidhaa ni vitu vya kushikika: kahawa, dhahabu, nguo, mafuta. Pesa anayoiacha mtalii Serengeti haimo, hiyo ni huduma. Wala shaba ya Zambia inayopakiwa melini Dar es Salaam haihesabiki kuwa mauzo ya Tanzania, hata kama malori yake ndiyo yanayotujazia barabara. Ni mzigo wa transiti.

Watu husahau namba ya chini, ile ya dunia nzima. Mwaka 2000 dunia iliuza bidhaa za dola trilioni 6.5 hivi, mwaka 2022 zilikaribia trilioni 25, yaani karibu mara nne. Sasa tuseme nchi fulani iliuza za dola bilioni 1 mwaka 2000 na za bilioni 3 mwaka 2022. Mauzo yamepanda mara tatu, sehemu imeshuka, na hakuna aliyedanganya. Ndivyo ilivyo kwa Afrika. Mwaka 1980 ilikuwa na karibu asilimia 6 ya mauzo ya bidhaa duniani. Siku hizi haivuki 3 kwa urahisi, ingawa kwa dola inauza mara kadhaa ya ilivyouza wakati ule. Na hata hiyo 6 tusiililie sana. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979, na Nigeria, Libya na Algeria zilikuwa wauzaji. Kinachopimwa ni thamani, si tani. Bei ikiporomoka, sehemu inashuka hata kama meli ni zilezile.

Halafu kuna hili la "nchi zinazoendelea". Ni kweli kwamba sehemu yao imepanda kutoka karibu theluthi moja mwaka 2000 hadi zaidi ya asilimia 40. Lakini ndani ya kundi hilo kuna China, iliyojiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, ikaipita Ujerumani kwa mauzo ya bidhaa mwaka 2009, na kutoka asilimia 4 hivi ikafika karibu 14. Sehemu kubwa ya ongezeko ni yake peke yake. Shirika hilo lenyewe halina kipimo cha nani anaendelea: nchi hujitangaza. UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, nayo iliihamishia Korea Kusini kwenye kundi la nchi zilizoendelea mwaka 2021 tu, wakati simu na magari yake yalishajaa mitaani kwetu zamani.

Wanaopaswa kututia wasiwasi ni wale ambao Umoja wa Mataifa unawaita nchi zenye maendeleo duni zaidi. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo, Kenya haimo. Kundi zima, nchi zaidi ya 40, linauza karibu asilimia 1 ya bidhaa za dunia. Mwaka 2015 liliwekwa lengo la kuiongeza maradufu hadi kufikia 2020. Ulipofika 2020, ilikuwa bado palepale kwenye 1.

Kwa hiyo ndugu mchambuzi, mauzo yakiongezeka sema yameongezeka. Ni habari njema na inajitosheleza. Ukitaka kutuambia sehemu imekua, tutajie na dunia imeuza kiasi gani mwaka huohuo. Na ukisema nchi zinazoendelea zimepanda, tuambie kama China umeihesabu.