Mchango wa hiari na mchango wa shinikizo

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Kampala, wateja huja na matatizo ya ndoa, ya usingizi au ya kazi, lakini tukikaa kwa muda wa kutosha mazungumzo hufika kwenye pesa, na hasa kwenye pesa ambayo imekwisha kutumika. Kwa sababu hiyo nina desturi ya kumwomba mteja afungue simu yake ili tusome pamoja ujumbe wa pesa alizotuma katika mwezi mmoja.

Mama mmoja anayeuza nguo za mitumba katika soko la Owino ameniruhusu nieleze mwezi wake bila kumtaja jina. Tulikuta michango mitano ya harusi, miwili ya kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa bibi harusi), rambirambi mbili, na shilingi 35,000 za viatu vya shule vya binti wa marehemu kaka yake. Katika kila ujumbe nilimwuliza alijisikiaje alipobonyeza namba ya siri. Kuhusu harusi mojawapo alinijibu, "Dada, hata jina la bwana harusi silikumbuki." Tulipofika kwenye viatu, sauti yake ilibadilika. Alinieleza jinsi mtoto alivyovivaa dukani akakataa kuvivua, akatembea navyo mpaka kwenye steji ya teksi akiinua miguu juu asikanyage matope.

Pesa zote hizo alizitoa kwa ajili ya watu wengine, na utafiti unaojulikana sana unasema kwamba kutumia pesa kwa ajili ya wengine huongeza furaha. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha jaribio lililofanyika Kanada, ambapo watu walipewa bahasha yenye dola 5 au 20 asubuhi, wengine wakaambiwa wazitumie kwa mahitaji yao na wengine wamnunulie mtu zawadi au watoe sadaka kabla ya saa kumi na moja jioni. Waliotoa walikuwa na furaha zaidi jioni ile, na kiasi kilichokuwamo ndani ya bahasha hakikuleta tofauti. Mwaka 2013 watafiti hao na wenzao walichapisha kazi pana zaidi iliyotumia takwimu za nchi 136, pamoja na jaribio lililofanywa Kanada na hapa kwetu Uganda. Waganda waliokumbuka matumizi kwa ajili ya wengine walijisikia vizuri kuliko waliokumbuka matumizi yao wenyewe, ingawa utoaji wa huku uligusa zaidi mahitaji mazito kama matibabu. Marudio ya mwaka 2020, yenye washiriki wengi zaidi, yaliona athari hiyo tena lakini ikiwa ndogo, na ni wajibu wangu kulisema hilo.

Kwa nini basi yule mama, ukiacha vile viatu, alitoa mara tisa akabaki na uzito kifuani? Jibu ninaloliamini liko katika namna pesa inavyotoka mkononi. Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha mwaka 2010 kwamba anayesaidia kwa hiari yake hunufaika moyoni, lakini anayesaidia kwa kushinikizwa hapati faida hiyo. Aknin na wenzake nao waligundua kwamba kutoa kuliwafurahisha zaidi watu walioelezwa wazi kuwa pesa yao itanunua chandarua cha kumkinga mtu na malaria kuliko waliochangia mfuko mkubwa usioonyesha pesa inafanya nini hasa. Mtoto mwenye viatu alionekana kwa macho. Mchango wa harusi uliingia katika bajeti ya hema na muziki.

Anayefahamu makundi yetu ya WhatsApp anajua shinikizo hilo lina sura gani. Kila jioni katibu wa kamati hubandika orodha yenye majina, ahadi na kiasi kilicholipwa, na mbele ya jina la asiyelipa hubaki nafasi tupu ambayo watu mia mbili wanaiona. Mama huyu alikopa katika kikundi chake cha akiba ili ajaze nafasi hiyo. Sipingi michango hata kidogo, kwa kuwa bima ya wengi wetu ni watu, na nimeona mazishi yenye heshima ambayo familia peke yake isingeyamudu. Ninachokipinga ni kumfanya mtu anunue kutoaibishwa, kisha tukaita hilo ukarimu.

Upo pia upande wa muda, ambao tunaupuuza. Katika utafiti wa Ashley Whillans na wenzake uliochapishwa mwaka 2017, watu wazima 60 wa Vancouver walipewa dola 40 kwa wikendi mbili, na walijisikia vizuri zaidi walipozitumia kujiokolea muda kuliko waliponunua vitu. Yule mama wa Owino alikuwa akifua kwa mikono Jumapili nzima, akiamini kwamba kumlipa mfuaji ni majivuno, ilhali malipo hayo ni sawa na mchango mmoja wa kwanjula.

Tulikubaliana atenge fungu la kutoa mwanzoni mwa mwezi, kabla orodha yoyote haijabandikwa, na achague mwenyewe litakwenda kwa nani. Ujumbe wa kukataa tuliuandika pamoja, na ulimchukua karibu nusu saa: "Ndugu zangu, mwezi huu fungu langu limekwisha, nitakuja siku ya sherehe kusaidia kupika." Makundi mawili yalimshukuru, na moja lilimwondoa. Aliporudi kuniona alikuwa na daftari, na katika ukurasa wa michango alikuwa ameandika nauli ya kwenda na kurudi siku ya wazazi katika shule ya binti wa kaka yake, pamoja na bei ya soda mbili walizokunywa chini ya mwembe.