Msandarusi na mwani wa kijani: tunavyokosea

Wengi huamini udugu wa mimea hujulikana kwa makazi: cha baharini ni cha baharini, cha msituni ni cha msituni. Ukimwambia mtu kwamba mwani wa kijani uko karibu na msandarusi, mti wa msituni unaotoa utomvu mgumu uitwao sandarusi, kuliko na mwani unaolimwa Paje na Jambiani, hakuamini. Lakini ndivyo ilivyo. Mwani wa kilimo, ulioanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, ni wa kundi la mwani mwekundu, hata shada lake likionekana la kijani. Mwani wa kijani halisi una aina mbili za klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, yaani a na b, sawa na jani la msandarusi. Mwani mwekundu hauna hiyo b.

“Mwani una mizizi.” Hauna. Kinachong'ang'ania jiwe ni kishikizo tu; chakula huingia kupitia mwili mzima. Ulva, ule mwembamba unaotanda miambani, una tabaka mbili za seli, basi. (Yale majani ya bahari yanayoliwa na kasa si mwani. Yana mizizi na hutoa maua, kama msandarusi wenyewe.)

Kosa linaloniuma zaidi ni kuiita sandarusi gundi. Gundi ya mgunga huyeyuka majini, sandarusi haiyeyuki. Wala si chakula cha mti. Msandarusi, ambao ni wa ukoo mmoja na mkwaju, huitoa kuziba jeraha na kuzuia wadudu na kuvu, ndiyo maana iliweza kukaa ardhini miaka na miaka bila kuoza. Karne ya 19 watu wa Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Zanzibar, waliichimba hata pasipobaki mti, ikapelekwa Zanzibar, kisha Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Ya kuchimbwa ilikuwa ngumu na yenye bei. Ile mbichi ya mtini, chakazi, ilidharauliwa. Na anayekuuzia sandarusi yenye mdudu ndani akaiita kaharabu, usimkubalie: kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe, ina umri wa mamilioni ya miaka.

“Basi kuziba jeraha ni kazi ya miti tu.” Hata kidogo. Caulerpa, mwani wa kijani wenye vitu mfano wa shina na majani, mwili wake wote ni seli moja yenye viini vingi. Ukiukata, ungedhani utamwagika wote. Haumwagiki: ute wa ndani huganda upesi kwenye mkato, na kipande kilichokatika huweza kuota na kuwa mwani mwingine.