Kusoma na kuandika faili ya umeme wa moyo katika R: maana yake hasa

Faili ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, si picha. Wengi wamekiona kipimo hiki kikiwa kwenye karatasi ya miraba, itembeayo milimita 25 kwa sekunde, na milivolti moja ikipanda milimita 10. Ndugu akiipiga karatasi hiyo picha kwa simu na kukutumia kwa WhatsApp, amekutumia mchoro wa kipimo tu. R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, haiwezi kuhesabu chochote cha maana hapo. Inachotaka ni namba ambazo mashine ilizipima kabla ya kuchora.

Namba hizo ni nyingi kuliko watu wadhaniavyo. Kipimo cha kawaida huchukua sekunde 10 na kina lidi 12, yaani pembe 12 za kuutazama umeme uleule wa moyo (elektrodi zinazobandikwa mwilini ni 10 tu, lidi nyingine hupatikana kwa hesabu). Mashine ikichukua sampuli 500 kwa sekunde, unapata namba 60,000, na kila moja ikikaa katika baiti 2, faili inakuwa na baiti 120,000 kamili. Idadi hiyo ya baiti ishike kichwani, itakufaa mbele.

Sasa kiini cha jambo: namba zilizo ndani ya faili si milivolti. Ni namba kamili zisizo na jina wala kizio, na maana yake yote imekaa katika faili nyingine ndogo. Katika mfumo wa faili wa WFDB, unaotumiwa na PhysioNet, hifadhi ya mtandaoni ya data za tiba, rekodi moja huwa na .hea, ambayo ni kichwa; .dat, yenye sampuli; na mara nyingine .atr, yenye alama za mapigo. Hiki hapa kichwa cha rekodi 100 ya mkusanyo wa ECG uitwao MIT-BIH, uliorekodiwa Boston kati ya 1975 na 1979:

100 2 360 650000
100.dat 212 200 11 1024 995 -22131 0 MLII
100.dat 212 200 11 1024 1011 20052 0 V5

Mstari wa kwanza unasema: lidi 2, sampuli 360 kwa sekunde, sampuli 650,000 kwa kila lidi, yaani dakika 30 na sekunde chache. Katika mstari wa pili, 212 ni namna baiti zilivyofungashwa, 200 ni kigawanyo (vizio 200 ni milivolti moja), 1024 ni mahali sifuri ilipo, 995 ni sampuli ya kwanza, -22131 ni jumla ya kuhakikishia kwamba faili haikuharibika, na MLII ni jina la lidi. Kusoma, basi, ni kutoa sifuri kisha kugawanya: (995 − 1024) / 200 ni milivolti −0.145. Kichwa kikipotea, .dat inabaki rundo la namba tu.

Kabla ya kusoma, pima ukubwa wa faili. Sampuli zote mara 2 zikilingana na idadi ya baiti, hiyo ni aina ya 16. Zikilingana mara 1.5, ni aina ya 212, ambamo sampuli mbili zimebanwa katika baiti tatu. Ukisoma 212 kana kwamba ni 16, R haitalalamika hata kidogo; itakupa takataka kwa utulivu. Kwa 212 tumia kifurushi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kama EGM chenye read_wfdb na write_wfdb. Aina ya 16 unaweza kuisoma kwa R tupu:

f <- file("rekodi07.dat", "rb")
x <- readBin(f, "integer", n = 60000, size = 2, signed = TRUE, endian = "little")
close(f)
m <- matrix(x, ncol = 12, byrow = TRUE)
mv <- (m - sifuri) / kigawanyo

Hapo byrow ndiyo inayowaangusha wengi. Sampuli zimepangwa kama shanga za rangi 12 kwenye uzi mmoja: moja ya kila lidi, kisha duru inaanza upya. R kwa desturi hujaza safu wima kwanza, kwa hiyo bila byrow lidi zote zinachanganyika. Kuna jaribio zuri lisilohitaji daktari: lidi II lazima iwe sawa na I + III, kanuni ya Einthoven. Tofauti ikizidi kizio kimoja au viwili vinavyotokana na kukadiria desimali, mpangilio wako ni mbovu.

Alama za .atr nazo zina mtego. Zinahesabu sampuli kuanzia 0, R inaanza 1; ongeza moja kabla ya kukata kipande. Na si kila alama ni pigo: N na V ni mapigo, lakini + huonyesha kubadilika kwa mdundo. Ukiiacha ndani, utapata muda mfupi wa uongo kati ya mapigo.

Kuandika ni hatari zaidi, kwa sababu kosa linakaa kimya katika faili ya mgonjwa.

y <- as.integer(round(t(mv) * kigawanyo + sifuri))
writeBin(y, f2, size = 2, endian = "little")

Hapa f2 ni faili iliyofunguliwa kwa "wb". Ile t() inarudisha mpangilio wa shanga. Ile round ni lazima, maana as.integer peke yake hukata desimali. Baiti 2 hubeba −32768 hadi 32767 tu. Ukipandisha kigawanyo hadi 10,000 ukitafuta usahihi, chochote kinachozidi milivolti 3.2767 kinageuka, na kilele kinakuwa shimo bila onyo. Thamani zilizokosekana, NA, zikiandikwa hivyo zinakuwa 0, na msomaji ataona moyo uliotulia mahali ambapo waya ulichomoka. Zibadilishe kwanza ziwe −32768, alama ya WFDB ya sampuli isiyofaa. Kisha isome upya faili uliyoandika na uilinganishe na ya kwanza, namba kwa namba.

Kwa anayefanya kazi na data ya hapa Mombasa, mawili zaidi. Stima ya Kenya hutetemeka mara 50 kwa sekunde, ya Marekani 60, na mtetemo huo huingia kwenye kipimo kama mvumo. Kichujio kilichonakiliwa kutoka kwenye mfano wa Kimarekani kitauacha mvumo wetu palepale. Na jasho la huku hulegeza elektrodi, mstari ukapanda na kushuka taratibu. Usiudhanie ni kosa la sifuri kwenye kichwa, kwa sababu kosa hilo husogeza mchoro wote kwa kiasi kilekile.

Ukibadilisha jina la faili ili kumficha mgonjwa, fungua .hea pia. Jina la zamani limeandikwa ndani yake, na rekodi haitafunguka mpaka ulirekebishe. Mistari inayoanza na # huweza kubeba umri, ugonjwa na dawa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Zifute kabla faili haijatoka kwenye kompyuta yako.