Krediti za bure za wingu: salio ni kubwa, lakini linalipia nini?

Kampuni changa ikishapewa krediti za dola 100,000, yaani salio la bure la kulipia kompyuta za wingu (za kukodi mtandaoni), woga wa bili huisha siku hiyohiyo. Seva za majaribio zinaachwa zikiwaka wikendi nzima, hifadhidata isiyo na mteja hata mmoja inawekwa kwenye mashine kubwa, na hakuna anayehoji kwa sababu mwisho wa mwezi bili inasoma sifuri. Tarehe ya krediti kuisha kila mtu anaijua. Mimi naogopa zaidi ile sifuri, kwa sababu inaficha matumizi halisi mpaka siku salio linapokata.

Basi anzeni na bajeti, kabla ya kuwasha seva yoyote. Kwenye AWS Budgets, zana ya bajeti ya AWS (huduma ya wingu ya Amazon), ukitengeneza bajeti ya gharama bila kugusa mipangilio ya ziada, hesabu inafanywa baada ya krediti kutolewa. Umetumia dola 4,000, krediti zimefuta 4,000, bajeti inaona 0, na lile onyo la asilimia 80 uliloliweka halitakuja kamwe. Fungua mipangilio hiyo uondoe tiki ya krediti na ya marejesho ya fedha. Kwenye Cost Explorer, ukurasa wa AWS wa grafu za gharama, nenda kwenye kichujio cha aina ya malipo utoe krediti; grafu iliyokuwa imelala chini itasimama na kukuonyesha ukweli. Google Cloud nako bajeti ina tiki za punguzo na promosheni, ziondoe vilevile. Na onyo lenyewe ni ujumbe tu, halizimi kitu. Takwimu za gharama za AWS huchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo kazi iliyokwama kwenye mzunguko usioisha usiku inaweza kula fedha hadi asubuhi kabla barua pepe haijafika.

Soma pia krediti zinalipa sehemu gani ya bili. Mpango wa Google for Startups Cloud, kwa kampuni zilizokwishapata wawekezaji, hutangazwa kuwa ni hadi dola 200,000 kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza unalipiwa matumizi yote hadi dola 100,000. Mwaka wa pili unalipiwa asilimia 20 tu, hadi dola 100,000 nyingine. Piga hesabu: ili umalize hizo 100,000 za pili, lazima utumie 500,000, na 400,000 zitoke mfukoni mwako. Kampuni iliyozoea matumizi ya dola 5,000 kwa mwezi inaamka mwezi wa 13 ikidaiwa 4,000 taslimu. Kwenye mpango wa fedha mnaowaonyesha wawekezaji, andikeni matumizi yote ya mwaka wa pili, 60,000, kwenye mstari mmoja, na chini yake muweke ile asilimia 20 inayolipwa na krediti (12,000) na ile 80 inayobaki kwenu (48,000).

Kuna vitu krediti za AWS hazivigusi kabisa: kusajili au kuhamisha jina la kikoa kupitia Route 53, bidhaa nyingi za AWS Marketplace (soko la programu za kampuni nyingine), mafunzo na mitihani ya vyeti, na malipo ya awali ya Savings Plans au Reserved Instances, mipango ya kuahidi matumizi ya muda mrefu ili upate bei nafuu. Hilo la mwisho huuma kwa sababu ndilo punguzo ambalo kampuni changa ingelihitaji. Hayo yote yanakatwa kwenye kadi hata salio likiwa limejaa.

Halafu kuna vikomo vya matumizi. Kuwa na krediti hakukupi ruhusa ya GPU, vichakato vinavyotumika kwa kazi nzito kama za AI. Akaunti mpya ya AWS mara nyingi ina kikomo cha 0 kwa mashine za familia ya G na P, ambazo ndizo zenye GPU, na kikomo hicho huhesabiwa kwa vCPU (vipande vya kichakato cha kawaida), tena kila eneo la seva peke yake. Mashine moja ya aina ya g5.xlarge ina vCPU 4, kwa hiyo ukiomba 1 ukidhani ni mashine moja, haitawaka. Ingia Service Quotas (ukurasa wa vikomo), chagua Amazon EC2 (huduma ya seva), tafuta mstari wa mashine za G, uombe 4 au 8 pamoja na maelezo ya kazi unayofanya. Omba mapema, maana jibu linaweza kuchukua siku. Lile jaribio la Google la dola 300 kwa siku 90 halina GPU hata kidogo.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, eneo la AWS lililo barani ni Cape Town. Data inayotoka huko inalipiwa takriban dola 0.154 kwa gigabaiti. Eneo la Virginia, Marekani, ni 0.09. Ukitoa GB 1,000 kwa mwezi, baada ya GB 100 za bure unakuta dola 138.60 dhidi ya 81. Ukaribu una faida yake kwa mtumiaji, ila uingize tofauti hiyo kwenye hesabu. Vidogo vingine vinavyotafuna kimyakimya: NAT Gateway (lango linaloziwezesha seva za ndani kufika intaneti) ya Virginia ni dola 0.045 kwa saa, kama 32.85 kwa mwezi. Violezo vingi vya kuandaa mtandao huweka tatu, yaani 98.55 kabla hata data haijapita. Kila anwani ya IPv4 ya umma (namba ya seva kwenye intaneti) nayo ni 3.65 kwa mwezi tangu Februari 2024.

Saa ya krediti inaanza kuhesabu pale zinapoingia kwenye akaunti, bidhaa iwe tayari au isiwe. Ushauri wangu: usiombe kifurushi kikubwa ukiwa bado unachora michoro.

Na ukiamua kuhama, usipakue data kwanza ndipo uulize. Google Cloud, AWS na Azure zote zilitangaza mwanzoni mwa 2024 kufuta ada ya kutoa data kwa mteja anayeondoka, lakini kwa maombi. Kwa AWS unafungua tiketi kwa huduma kwa wateja, unasubiri kibali, kisha unapewa siku 60 za kuhamisha.