Je, wajua kwa nini bondia aliyeshindwa mara 19 huwekwa juu ya wale ambao hawakushindwa kamwe?

Mashabiki wa ndondi wanapobishana, iwe ni Naguru au nje ya ukumbi wa Lugogo jijini Kampala, silaha ya kwanza huwa ni rekodi. Floyd Mayweather wa Marekani alipigana mara 50 akashinda zote. Rocky Marciano alistaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49. Sugar Ray Robinson alishindwa mara 19, na bado wajuzi wengi wa mchezo huu wamekuwa wakimtaja kuwa bondia bora kuliko wote waliopata kupanda ulingoni. Jambo hilo huonekana kama mzaha mpaka mtu ajue rekodi huandikwaje na huficha nini. Sisi Waganda tuna sababu yetu ya kulielewa, kwa maana mabondia wetu wawili wakubwa walipanda ulingoni wakiwa na rekodi safi, wakapigwa na watu ambao rekodi zao zilikuwa na doa.

Rekodi ya bondia wa kulipwa ina tarakimu tatu: ushindi, kushindwa na sare, kisha pembeni huandikwa ni mara ngapi alishinda kwa KO, yaani kwa kumwangusha mpinzani asiinuke kabla ya hesabu ya kumi. Katika hesabu hiyo ya KO huingizwa pia TKO, yaani pambano lililokatizwa kwa sababu refa aliona mmoja hawezi tena kujikinga, au kona yake, yaani wasaidizi wake, imekataa asiendelee, au jeraha limemzidi. Aliyelazwa sakafuni hadi hesabu ya kumi na aliyechanika juu ya jicho wote huandikwa vilevile. Ushindi wa pointi nao hauonyeshi kama majaji watatu walikubaliana au kama mmoja wao alimpa mpinzani pambano. Raundi 12 za dakika tatu tatu hugeuka kuwa tarakimu moja, na msomaji haambiwi mpinzani alikuwa nani, alikuwa na umri gani, wala alikuwa na uzito gani.

Chukua mfano wa John Mugabi, mzaliwa wa Kampala aliyepewa jina la "Mnyama". Alipata medali ya fedha ya Olimpiki mjini Moscow mwaka 1980, akaingia ndondi za kulipwa mwaka huohuo, na hadi Machi 1986 alikuwa ameshinda mara 26, zote kwa KO. Hakuna pambano hata moja lililowafikia majaji. Walioanguka mbele yake hawakuwa watu wa kuokotwa tu, kwani kati yao walikuwemo Wamarekani wenye sifa kama Frank Fletcher na Curtis Parker. Hata hivyo, tarehe 10 Machi 1986, katika ulingo wa nje wa Caesars Palace huko Las Vegas, alikutana na Marvin Hagler, bingwa wa uzani wa kati ambaye rekodi yake ilikuwa na kushindwa mara mbili na sare mbili. Kwa anayesoma tarakimu peke yake, Mugabi ndiye aliyekuwa na karatasi nzuri zaidi. Raundi ya sita ya pambano lile bado inasimuliwa kwa jinsi wawili hao walivyotupiana ngumi bila kurudi nyuma, lakini kadiri usiku ulivyoendelea, Hagler, aliyezoea kupelekwa mbali, alibaki na pumzi, na Mugabi akaangushwa katika raundi ya 11. Kushindwa kwa Hagler kote kuwili kulitokea mwaka 1976 mjini Philadelphia, dhidi ya mabondia wagumu wa mji huohuo, na baadaye aliwapiga wote wawili. Doa la namna hiyo lina thamani kuliko ushindi mwingi.

Miaka mitano kabla ya hapo, tarehe 25 Juni 1981 mjini Houston, mambo yalikuwa yamekwenda hivyohivyo. Ayub Kalule, aliyekuwa ameshinda mapambano 36 bila kushindwa, alisimamishwa katika raundi ya tisa na Sugar Ray Leonard, ambaye alikuwa ameshindwa mara moja, na Roberto Durán, kisha akalipiza kisasi ndani ya miezi mitano. Lazima Kalule atendewe haki hapa: sifuri yake, yaani rekodi yake ya kutoshindwa, ilikuwa nzito kuliko ya Mugabi, kwa sababu mwaka 1979 alikwenda hadi Japani kumnyang'anya Masashi Kudo mkanda wa dunia, jambo ambalo mgeni halipati kirahisi mbele ya mashabiki wa nyumbani.

Mugabi naye alikuja kuupata mkanda wa dunia wa WBC, mojawapo ya mabaraza ya ndondi, mwaka 1989, nchini Ufaransa, kwa kumshinda René Jacquot katika raundi ya kwanza. Mfaransa huyo aliteguka kifundo cha mguu akashindwa kuendelea. Kwenye rekodi, ushindi huo unasimama sambamba na ule dhidi ya Fletcher, na hakuna alama inayoutofautisha.

Sasa tumrudie Robinson. Alikuwa ameshinda mapambano yake yote 40 alipokutana kwa mara ya pili na Jake LaMotta, mtu aliyemzidi uzito waziwazi, mjini Detroit tarehe 5 Februari 1943, akashindwa kwa pointi. Tarehe 26 ya mwezi huohuo, baada ya kupigana na bondia mwingine katikati, alirudi Detroit akampiga LaMotta. Walikutana mara sita kwa jumla, na Robinson alishinda tano. Tangu kushindwa kule kwa Februari 1943 hakushindwa tena hadi Julai 1951, pale Randy Turpin alipomshinda jijini London, na huyo pia alimlipa baada ya miezi miwili. Sehemu kubwa ya yale 19 ilikuja uzeeni. Mwaka 1965 peke yake, akiwa na miaka 44 na akihitaji fedha, alishindwa mara tano. Marciano aliondoka akiwa na miaka 32, kabla uzee haujamfikia, ilhali Joe Louis, ambaye Marciano alimpiga mwaka 1951, alikuwa na miaka 37.

Tofauti ya nyakati nayo ina uzito wake. Robinson alipigana takriban mara 200 katika miaka 25, kwa kuwa bondia wa enzi zake aliishi kwa viingilio vya mlangoni na kushindwa mara moja hakukumkosesha kazi. Fedha za televisheni zilipokuja, sifuri iligeuka bidhaa, na promota akawa na sababu ya kuilinda kwa kuchagua wapinzani. Mayweather alitumia miaka 21 kufikisha mapambano 50. Ndani yake wamo mabingwa wa kweli, yumo Mganda mwenzetu Justin Juuko aliyesimamishwa raundi ya tisa mwaka 1999, na yumo Conor McGregor, mpinzani wa pambano la 50, ambaye hakuwa amepigana ndondi za kulipwa hata siku moja. Upande wa pili wa biashara hiyo yuko Mwingereza Peter Buckley, aliyestaafu mwaka 2008 baada ya mapambano 300, akiwa ameshindwa 256. Kazi yake ilikuwa kuwapima vijana wanaochipukia, na rekodi nyingi safi za Uingereza zimejengwa mgongoni mwake.

Liko pia pengo linalowahusu Waganda zaidi: mapambano ya ridhaa hayahesabiwi. Medali ya Mugabi ya Moscow haimo katika ushindi wake 42, wala ubingwa wa dunia wa ridhaa alioutwaa Kalule mjini Havana mwaka 1974 haumo katika ushindi wake 46. Vasyl Lomachenko wa Ukraine alikuwa na dhahabu mbili za Olimpiki alipoanza kulipwa, akashindwa katika pambano lake la pili kwa sababu aliwania mkanda wa dunia papo hapo, dhidi ya mkongwe Orlando Salido. Kwa hiyo kijana wa Kampala anayetangazwa kuwa ana mapambano matatu na hajashindwa, huenda ameshapigana mara nyingi sana katika klabu yake, au huenda kweli ana matatu tu, na tofauti hiyo hutaiona kwenye bango.